Tulikuwa Tukiutazama Mwanya

Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo anayetaka maneno ya kitaalamu akayatafute kwa wenye nayo. Haya ni ya mama kwa mama, na kama kuna baba anasoma naye asikie. Siku mtoto wako atakapowekewa chuma cha kupanua kaakaa, usitoke mlangoni mpaka aliyekiweka akuambie kwa kinywa chake utajuaje kwamba sasa imetosha. Kuanza watakufundisha. Kuanza kila mtu anajua kufundisha. Ni kuacha ndiko walikoniacha mimi gizani. Sisemi walikusudia, lakini mtu akikuangushia tofali kichwani bila kukusudia, nundu unabaki nayo wewe.

Binti yangu mdogo tunamwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hajanyamaza. Alipofikisha miaka minane tukaanza kuona jambo. Akifunga mdomo, taya la chini lilikwepa upande, kidevu kikaenda pembeni kama mtu anayetaka kuchungulia dirisha la jirani. Akilala, mdomo wazi, na kukoroma kwake kulimshinda baba yake, ambaye katika hilo si mtu wa mchezo. Nyumbani tulizoea. Shuleni hawakuzoea. Walimpa jina la Kona. Akipita wanasema, "Punguzeni mwendo, kona hiyo." Alikuwa anarudi anatusimulia huku anacheka, maana yeye hucheka na kila kitu, ila sasa alikuwa akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Mtoto wangu hakuzaliwa anafunika mdomo.

Mwalimu wake ndiye aliyenishauri nimpeleke kwa daktari anayenyoosha meno ya watoto. Nikamwachia jirani meza yangu, mimi nauza vyombo sokoni, sufuria na mifuniko na vikombe, nikaenda.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mikono safi, mwenye kusema polepole. Mbele huko nitamsema vibaya, kwa hiyo acha nimsifu hapa. Alinieleza mpaka nikaelewa. Alikutanisha viganja vyake viwili mbele ya uso wangu akasema, "Mama, kaakaa la mtoto ni mifupa miwili iliyoungana hapa katikati. Kwa mtu mzima muungano umeshakuwa mgumu, lakini kwa mtoto anayekua bado ni laini. La huyu ni jembamba. Taya la chini halipati pa kukaa, ndiyo maana linakwepa. Tukiisukuma mifupa taratibu itaachana kidogo, katikati patajaa mfupa mpya, na taya la juu litakuwa na nafasi."

"Na kukoroma?" nikauliza.

"Huenda kukapungua, kwa sababu kaakaa ndilo sakafu ya pua. Lakini hilo sikuahidi."

Nikampenda kwa neno hilo. Mtu anayekwambia sikuahidi unamwamini kwa mengine yote.

Wakamvalisha pete za chuma kwenye magego ya juu, huku na huku, na katikati, chini ya kaakaa, ikakaa skrubu ndogo yenye tundu. Ufunguo wake ulikuwa waya mfupi uliokunjwa ncha, na mpini wa plastiki. Unaingiza ncha tunduni, unasukuma kutoka mbele kwenda nyuma, unatoa. Mara moja kila siku. Alinifanyisha mazoezi kwenye meno ya plasta mpaka nikaweza bila kusita.

"Utaona meno mawili ya mbele yanaachana," akasema. "Usiogope. Mwanya ukitokea, ujue kazi inafanyika."

"Na nitageuza mpaka lini?"

"Mtarudi, nitaangalia mwenyewe." Akawa ameshamwita mgonjwa mwingine.

Naomba msomaji anielewe. Alichoniachia mkononi ni ufunguo na alama moja tu, mwanya. Ya pili, ile ya kuniambia basi, alibaki nayo kichwani mwake.

Tulianza. Kila asubuhi Chiriku alilaza kichwa pajani kwangu karibu na dirisha, akafungua mdomo, mimi nikavuta pumzi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Hakulia. Alisema anahisi kama mtu anamvuta pua kwa ndani, kisha inapita. Mate yalimjaa, akawa anatembea na kitambaa. Kithembe nacho kikamwingia.

"Mama, thitaki uji," akasema siku ya kwanza.

"Leo tumepata mgeni," baba yake akasema. "Mgeni, karibu uji."

"Baba, thio vizuri."

Baba yake alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na yeye mwenyewe akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisahau kufunika mdomo. Baadaye ulimi ukazoea chuma, maneno yakarudi sawa, na kelele zikarudi pamoja nayo. Na kukoroma, sitaki kusema uongo, kulipungua. Kuna asubuhi nilikwenda kumtazama kama anapumua, kwa jinsi alivyokuwa kimya. Taya lenyewe likaacha kukwepa. Akifunga mdomo kidevu kinakaa katikati. Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa namwombea dua yule daktari na kliniki yake yote.

Kisha mwanya ukatokea.

Ulianza kama uzi. Ukawa kama punje ya mchele. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana saluni ya kusuka nyuma ya soko, na saluni ya wifi yangu ni redio. Alipomwona Chiriku alimshika kidevu.

"Hebu cheka, shangazi."

Chiriku akacheka.

"Wifi," akanigeukia, "umemnunulia mtoto mwanya?"

"Ni chuma hicho. Daktari alisema ungetokea."

"Mimi nimezaliwa na meno yamebanana kama mahindi kwenye gunzi, kaka yangu hivyo hivyo, ukoo mzima hatuna hata ufa. Kumbe kuna mahali wanaufungua kwa funguo." Akawaita wateja wake, waliosukwa nusu kichwa na waliosukwa robo, waje waone. Wakaja. Mmoja akasema mtoto huyu atawatesa watu akikua. Mwingine akasema mwanya wa namna ile ni wa kuimbiwa. Mtoto alikuwa amesimama katikati yao kama bibi harusi.

Nami, niseme nini, nilifurahi. Nani hafurahi mwanawe akisifiwa? Jinsi tulivyo sisi, tukiona mwanya hatuoni kitu kingine tena. Macho yanakwenda pale pa mbele na yanakaa hapo hapo.

Shuleni Kona akafa. Wale wale waliompa jina wakaanza kumwambia acheke waone. Msichana mmoja alijaribu kujifungulia wa kwake kwa kijiti, mwalimu akampokonya kijiti.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Daktari hayupo. Amekwenda kwenye mafunzo, nikaambiwa, na wagonjwa wake wote atawaangalia msaidizi wake. Msaidizi alikuwa dada mchangamfu aliyevaa joho la buluu, na yeye mwenyewe alikuwa na mwanya. Alimkalisha Chiriku, akawasha taa, akamwambia, "Sema iii." Chiriku akasema iii. Taa ikapiga meno ya mbele.

"Jamani," yule dada akasema, akacheka ili wa kwake uonekane. "Tumefanana. Mama, kazi inafanyika vizuri kabisa. Endelea kugeuza mpaka daktari arudi."

"Haujazidi?" nikauliza. "Mimi naona umekuwa mpana."

"Mwanya huu ni wa kawaida. Endelea tu, mama."

Hakumwambia afungue mdomo. Hakumwambia aume. Sisemi haya kwa kusikia, nilikuwa nimesimama pale mkoba kwapani. Mlango wa mbele aliukagua akafurahi, chumba cha nyuma hakukitazama. Endelea tu. Maneno hayo mawili ningekuwa na uwezo ningeyapiga marufuku kwenye kila chumba chenye kiti cha kulalia.

Nikaendelea.

Chiriku akaanza kubakiza chakula. Nikimuuliza, ameshiba. Nyama ananisukumia mimi kwenye sahani, ananiambia nimpe baba. Mkate anauchovya mpaka unakuwa uji. Nilidhani ni chuma kinamsumbua, nikamlainishia vitu. Naye hakusema neno, yeye ambaye paka akipiga chafya lazima atuhadithie.

Jambo lenyewe lilijitokeza mchana, mezani kwangu sokoni. Alikuwa ametoka shule. Nikampa viazi na vipande vya nyama kwenye bakuli, mimi nikawa namhudumia mama mmoja aliyekuwa anapima mifuniko, huu unapwaya, huu unabana. Nikasikia sauti kama ya mtu anayevuta kamba. Kugeuka, mtoto amesimama, mikono kooni, macho yamemtoka. Hana sauti. Chiriku hana sauti.

Yule mama wa mifuniko ndiye aliyekuwa karibu. Alimwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, kwa nguvu ambayo siku nyingine ningemgombeza. Kikatoka kipande cha nyama, kikaanguka kwenye sinia la alumini. Kilikuwa kizima. Nilikiokota nikakigeuza. Hakikuwa na alama ya jino hata moja.

Alipoweza kupumua, na mimi nilipoweza kupumua, nikamkalisha kwenye debe.

"Ulikimeza hivi?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukutafuna?"

Akainamia miguu yake.

"Fungua mdomo. Sasa uma. Uma polepole, nione."

Nikamvuta shavu kwa kidole nikachungulia nyuma, kule ambako hakuna mtu aliyekuwa amechungulia. Magego ya juu yalikuwa yameteremka nje ya yale ya chini. Hayakukaa juu yake, yaliyafunika kwa pembeni, mfuniko mkubwa kwenye sufuria ndogo, unazama tu. Upande wa kulia hivyo, upande wa kushoto hivyo. Jino halikutani na jino. Mtoto wangu alikuwa na mdomo uliojaa meno na hana la kutafunia.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kugeuza." Machozi yakaanza. "Shangazi alisema ukiacha kabla haujakomaa utaziba. Ukiziba wataniita Kona tena."

Yule mama wa mifuniko aliniangalia, akamwangalia mtoto, akanunua mfuniko ambao naamini hakuuhitaji, akaenda zake bila kusema lolote. Namshukuru kwa yote mawili.

Kuanzia hapo sikugusa ufunguo. Lakini usifikiri niliacha kwa ushujaa. Niliacha kwa hofu, kwa sababu aliyeniambia niendelee amesoma na mimi sikusoma, na nikikosea ni mdomo wa mtoto. Nikapiga simu kliniki. Akapokea yule dada wa joho la buluu, akanijibu, "Mama, usikatishe katikati, utaharibu kazi ya daktari. Endelea kama ulivyoelekezwa."

"Mtoto hatafuni."

"Ni kawaida kusikia maumivu."

"Sijasema maumivu. Nimesema meno hayakutani."

"Daktari akirudi atawaona. Endelea tu."

Jioni wifi akaja, akanikuta namweleza mume wangu. Mume wangu ni mtu wa amani, ukimpa mambo mawili anataka yote mawili yawe kweli.

"Daktari hakusema tuache," akasema.

"Wala hakusema tusiache. Hakusema kitu."

"Wifi," wifi akaingilia, "wewe na wale wa kliniki, nani kasoma?"

"Nyama haikusoma, na imetoka nzima."

"Kidogo tu kilichobaki, usiuharibu mwanya wa mtoto."

"Mwanya wa mtoto?" Nilisimama. Mimi na wifi yangu tunataniana tangu niolewe, hajawahi kunisikia nikimsemesha vile. "Wewe ulimwambia utaziba. Mtoto anameza nyama bila kutafuna kwa ajili ya maneno yako ya saluni. Nani alikuambia unakomaa? Ni ndizi?"

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema tu, wifi." Najua. Kila mtu alisema tu.

Daktari aliporudi hatukungoja siku yetu. Nilimchukua mtoto nikakaa naye kwenye benchi tangu hawajafagia. Yule dada wa joho la buluu akaniambia hatumo kwenye orodha ya leo. Nikamwambia basi tuone nani atachoka kwanza, mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kibao kutwa nzima. Wakatuingiza.

Daktari alimlaza Chiriku kitini, akawasha taa, akatazama. Yeye alitazama nyuma. Nikaona uso wake unabadilika, na kabla hajanitazama mimi akasema, "Mama, umegeuza mno."

Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Nimegeuza kama nilivyoambiwa."

"Ulipaswa kusimama. Unaona, vilele vya ndani vya magego ya juu vimeshavuka vilele vya nje vya yale ya chini. Vikigusana navyo tu, unasimama."

"Hayo unaniambia leo. Siku ile uliniambia mwanya."

"Mwanya ni dalili kwamba mifupa inaachana. Si kipimo cha kusimama."

"Daktari, siku ile uliniambia mwanya. Nilikuuliza mpaka lini, ukamwita mgonjwa mwingine."

Akamgeukia msaidizi wake. "Walikuja nilipokuwa sipo?"

"Walikuja," yule dada akasema, akitazama chini. "Niliona mwanya umefunguka vizuri."

"Uliangalia mng'ato? Meno yanavyokutana akiuma?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa amefanya kile kile tulichofanya sote, sokoni, saluni na nyumbani. Lakini sisi hatukulipwa kutazama nyuma, na sisi hatukusema endelea tu kwenye simu.

Daktari alisema haijaharibika. Angefungua skrubu kinyume kidogo, magego yarudi ndani mpaka yakutane, kisha angeiziba isigeuke tena, ikae hivyo miezi mpaka mfupa ujae. Nikamuuliza kama tungeendelea ingekuwaje. Akaniambia bila kuficha kwamba mizizi ingeweza kusukumwa pembeni mwa mfupa na ufizi ukarudi nyuma. "Bahati ni mtoto," akasema, "mfupa bado unasikia."

Mfupa bado unasikia. Ni watu wazima ndio hawakusikia.

Akachukua kifaa chake. "Fungua mdomo, binti."

Chiriku akafunga mdomo. Akaubana mpaka midomo ikawa mstari. Akatikisa kichwa kitini, machozi yanateleza kuingia masikioni.

"Hataki kurudishwa nyuma," nikasema.

"Ni lazima. Mama, mshike mikono, haichukui muda."

Hapo ndipo nilipofika mwisho. Nimeshika mikono ya watoto wangu kwa sindano, kwa dawa chungu, kwa kutolewa mwiba. Siku ile mikono yangu ilikataa.

"Simshiki," nikasema.

"Mama, tunachelewa. Wapo wengine nje."

"Wangojee. Mimi hukuniambia, nimemeza. Huyu mwenye mdomo hujamwambia kitu tangu siku ya kwanza. Unazungumza na mimi juu ya kichwa chake kama anapimwa nguo. Hafungui mdomo kwa sababu anadhani unataka kumnyang'anya kitu chake. Mwambie. Akishaelewa akikataa, hapo nitamshika."

Msaidizi alikuwa ameshika bomba la kunyonya mate, linanguruma peke yake mpaka akakumbuka kulizima. Daktari aliniangalia. Nadhani alikuwa anachagua kati ya kunitoa nje na kuvuta kiti. Akavuta kiti. Akainua kile cha mtoto wakawa macho kwa macho.

"Unaogopa mwanya utaziba?"

Chiriku akakubali kwa kichwa, mdomo bado umefungwa.

"Utaziba," daktari akasema.

Nikadhani nimeharibu. Mtoto akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Utaziba hata kama mama angegeuza mpaka mwakani," akaendelea. "Ufizi wako una nyuzi kama mpira. Tumevuta meno mawili yakaachana, nyuzi zimenyooka. Tukiacha kusukuma zinayavuta yarudi. Sikuuweka mwanya mimi. Ulipita tu, kama vumbi linavyotimka watu wakijenga."

Chiriku akafungua mdomo, lakini kwa kusema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

Kuta za daktari yule zimejaa vyeti. "Sikufikiri ungeupenda," akasema.

"Kila mtu aliupenda," Chiriku akasema.

"Na kidevu? Kitarudi pembeni?"

Hilo niliuliza mimi, na mtoto naye akaegemea mbele kusikia.

"Hapana. Kidevu kilinyooka kwa sababu juu pamepanuka, na upana huo tunaubakisha. Ninachorudisha ni ule uliozidi."

Chiriku akaomba kioo. Akapewa. Akajitazama mbele kwanza, kwa muda mrefu, anacheka na kuacha, anacheka na kuacha. Kisha akaniambia nimvute shavu. Nikamvuta. Akauma, akatazama nyuma, meno yake yakishuka yakipishana hewani. Akajaribu tena, kama anayetaka kuyakuta yamebadilika.

"Yako vibaya," akasema.

"Yako vibaya," daktari akakubali.

Akarudisha kioo, akalala, akafungua mdomo. Hakuna aliyemshika.

Baadaye, wakati skrubu imeshazibwa na mtoto ameambiwa aende kusukutua, daktari alinifuata mlangoni. Alisema anasikitika kwa usumbufu. Nikamwambia usumbufu ni foleni. Mtoto kupaliwa sokoni kwa sababu watu wazima wamependa mwanya, hilo litafutie neno lake. Akaniambia kuanzia sasa msaidizi atafundishwa kuangalia mng'ato. Nikamuuliza na akina mama je, nao watafundishwa lini? Akasema ni wazo zuri. Sikutaka liwe wazo.

Magego yalirudi kukutana. Alianza na mkate mkavu, akaja akafika kwenye nyama, akatafuna kwa fujo mpaka baba yake akamwomba apunguze sauti. Mwanya ukaziba kama alivyosema, kutoka punje kuwa uzi, kutoka uzi kuwa hakuna. Kuna siku alilia. Wifi alikuja akamsuka bure, akamwambia hata yeye hana na dunia haijamkimbia. Shuleni walimtafutia jina jipya, sasa ni Chuma, na hilo amelipokea, analijibu.

Tulikuwa tunarudi kliniki kuangaliwa mfupa. Mara ya mwisho nilikaa benchini karibu na mama mmoja kijana, ana binti mdogo mapajani anayedondosha mate kwenye kitambaa, na mkononi ameshika ufunguo kama wangu, anauzungusha zungusha vidoleni kwa wasiwasi. Mtoto akanitabasamia. Mwanya umeshafunguka.

"Ameshaupata," yule mama akaniambia, uso umemng'aa. "Kila mtu anausifia."

"Wamekwambia unaacha lini?"

Tabasamu likasimama. "Wamesema nitaona meno ya mbele yanaachana."

Nikamsogelea. Nikamwambia amwambie mtoto aume, amvute shavu, atazame magego ya juu yamekaa wapi juu ya yale ya chini. Yule dada wa joho la buluu alikuwa ananitazama kutoka dirisha la mapokezi.

"Mama," akaniita, "tafadhali usiwatishe wagonjwa."

"Simtishi, dada. Namwonyesha." Yule mama alikuwa ameshaweka kidole shavuni mwa mwanawe, anahangaika, haoni kitu kwa kivuli. "Njoo na taa yako utumulikie. Au hilo nalo lingoje daktari?"

Alisimama pale dirishani kidogo. Kisha nikasikia droo inafunguliwa, akatoka na tochi.